Kuwajua wateja kwa gharama ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye biashara ndogo Kisumu na magharibi mwa Kenya

Maswali haya huulizwa na wenye vibanda, saluni, agroveti, mikahawa na maduka ya rejareja, kuanzia Kondele hadi Luanda na Bungoma. Majibu ni ya mtu anayefungua alfajiri na kufunga usiku, asiye na karani wala fungu la utafiti. Jambo moja utalikuta karibu kila mahali: amini alichofanya mteja na pesa yake kuliko anachosema atakifanya.

Wateja wangu nawaona kila siku. Nichunguze nini tena?

Unaowaona ni waliokuja. Aliyesoma bei akiwa barabarani akaendelea na safari yake humwoni. Aliyenunua kwako Januari kisha akahamia kwa jirani, kufikia Machi umeshamsahau. Hao ndio wenye habari unayoihitaji, na hawatakuja kukuletea.

Wengine hujibu kwamba kizuri chajiuza. Nenda Kibuye Jumapili, siku ambayo soko hufurika, utembee kwenye safu za viatu vya mitumba. Viatu vizuri viko kila meza. Anayemaliza mzigo mapema mara nyingi ni yule aliyejua anamuuzia nani kabla hajafungua belo: ametenga vyeusi vya shule upande mmoja, amevipanga kwa namba, na mama aliyeshikilia mtoto mkono hahitaji kuinama kuchakura.

Inagharimu pesa ngapi?

Daftari, kalamu, bando ya wiki, na nauli ya kufika walipo watu usiowajua. Kwa duka la kawaida, tenga shilingi 2,000 kwa mwezi na chai ya wahojiwa ikiwemo. Gharama halisi ni muda wako na uvumilivu wa kusikia usichopenda. Mtu akikuahidi ripoti nzuri kwa makumi ya maelfu ilhali hujawahi kuandika mauzo ya siku hata kwa wiki moja, mwambie asubiri. Hiyo wiki moja itakufundisha mengi kuliko ripoti yake.

Sina hata hiyo 2,000. Nianze na nini?

Anza na daftari la "hatuna". Ni daftari la kawaida linalokaa kando ya droo ya pesa, na kila mtu akiulizia kitu usichokuwa nacho, unaandika. Siku, saa, nani kwa makisio, aliulizia nini, na alifanya nini baada ya kuambiwa hakuna. Tuseme ni duka la rejareja Nyalenda. Ukurasa wa Jumanne unaweza kusomeka hivi:

Saa moja asubuhi, mwanafunzi, kalamu nyekundu, akaondoka. Saa tatu, mama mwenye mtoto, unga wa wimbi nusu kilo, akaambiwa kuna wa kilo mbili, akaondoka. Saa kumi, kijana wa boda, soda baridi, akachukua ya moto huku akinung'unika. Saa moja usiku, mama mwingine, unga wa wimbi nusu kilo, akaondoka.

Hiyo sehemu ya mwisho, alichofanya mtu baada ya kuambiwa hakuna, ndiyo yenye mali. Kijana wa boda alinunua hata hivyo, kwa hivyo friji inaweza kusubiri. Kina mama wawili waliondoka na pesa zao, na wote walitaka kipimo kidogo. Huenda tatizo lako si bidhaa, ni ukubwa wa pakiti. Mfuko wa kilo mbili unaoufungua na kuupima nusu nusu ni jaribio la siku moja lisilokugharimu chochote.

Mweleze pia anayekusaidia dukani aandike bila kuchuja. Mhudumu akiona ombi ni la ajabu hataliandika, na mara nyingine hilo la ajabu ndilo huulizwa mara tano kwa wiki.

Rekodi za M-Pesa zinaweza kunisaidia?

Sana, na wengi hawazitumii. Ukiwa na till ya Lipa na M-Pesa, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, chukua taarifa ya mwezi mmoja na usiiangalie kwa jumla. Igawe kwa saa na kwa kiasi. Utaona saa ambazo pesa huingia kwa wingi na saa za ukame, na utaona kama unaishi kwa malipo mengi ya shilingi 50 au machache ya 500. Hizo ni biashara mbili tofauti hata zikiwa na jumla moja: ya kwanza inahitaji chenji, kasi na bidhaa ndogo, ya pili inahitaji nafasi ya mteja kuketi na kuchagua.

Tahadhari moja: wanaolipa taslimu hawaonekani humo. Kwa wiki mbili piga mstari kwenye karatasi kila noti inapoingia, ukiandika saa. Mara nyingi wa taslimu ni watu wengine kabisa, wa umri mwingine na mahitaji mengine.

Niwaulize wateja maswali gani?

Uliza kuhusu jana, juma lililopita, mara ya mwisho. Usiulize kuhusu kesho.

"Nikileta keki za harusi utanunua?" Kila mtu atasema ndiyo. Jibu halimgharimu kitu na anakupenda. Badala yake: "Sherehe ya mwisho uliyohudhuria nyumbani kwenu, keki ilitoka wapi? Nani aliichagua? Ililetwaje? Mlilipa kwa mkupuo au kwa awamu?" Hapo utasikia kwamba aliyechagua ni shangazi anayeishi mjini, kwamba keki ilipanda matatu kutoka Kakamega ikafika imebonyea, na kwamba pesa ilichangwa na kamati siku mbili kabla. Sasa unajua mteja wako ni shangazi, tatizo ni usafiri, na malipo huja dakika za mwisho.

Kwa saluni: "Mara ya mwisho ulisukwa lini, na wapi?" Kisha nyamaza. Halafu: "Kwa nini pale?" Kisha nyamaza tena. Ukimya humfanya mtu aongeze, na kile anachoongeza ndicho cha kweli zaidi. Kwa agroveti: "Msimu uliopita mbegu ulizinunua wapi na ulizipanda lini?" Kwa mkahawa: "Jana mchana ulikula nini?" Hili la mwisho ni zuri kwa sababu wengine watajibu kwamba hawakula, au walikula muhogo na chai ya rangi waliyobeba kutoka nyumbani. Basi unashindana na ule mfuko wa nyumbani, wala si na mkahawa wa ng'ambo ya barabara.

Maswali matano yatosha. Yakifika kumi na mawili mtu anaanza kujibu ili aondoke.

Kila mtu anasifia bidhaa zangu lakini mauzo hayapandi. Kwa nini?

Kwa sababu watu wetu wana adabu. Sokoni mtu hakwambii bei yako ni ghali. Atasema "wacha nizunguke kwanza" au "nitarudi". Kwa rafiki, jirani na mshirika wa kanisa, sifa ni heshima anayokupa wewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Pima sifa kwa kitu kinachomgharimu anayesifu. Je, amenunua tena ndani ya mwezi? Je, amemleta mtu? Je, ametoa hata shilingi 100 ya kushikilia mzigo? Asiyefanya lolote kati ya haya, muhesabu kama mtu mwema tu, umshukuru.

Basi nani aulize, kama mimi watanionea haya?

Badilishana na mwenzako. Mwenye saluni Manyatta azungumze na wateja wa fundi nguo wa Nyalenda, na fundi azungumze na wa saluni. Mteja atamwambia mgeni kwamba mhudumu wako hutumia simu huku akimsuka, jambo ambalo hangekwambia wewe usoni. Kwenye chama mnaweza kuliweka liwe zamu: kila mwezi biashara moja inachunguzwa na wanachama wawili wasio na undugu na mwenye nayo. Hakuna pesa inayotoka, na wote mnajifunza kuuliza.

Mkifanya hivyo kubalianeni jambo moja mapema: mwenye biashara hatauliza "nani alisema?"

Niongee na watu wangapi?

Inategemea unatafuta nini. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wananunua au wanaacha, mazungumzo marefu na watu kumi hadi kumi na watano kwa kawaida hutosha, mradi wawe wa aina moja ya mteja. Alama ya kusimama ni pale watatu wa mwisho wanapokwambia mambo uliyokwisha kuyasikia.

Ukitaka asilimia, hesabu hubadilika. Ukiuliza watu 100 waliochaguliwa bila upendeleo, jibu lako linaweza kukosea kwa takriban pointi 10 juu au chini. Wakiwa 400, ni takriban pointi 5. Angalia vizuri: umeongeza watu mara nne ili kupunguza kosa kwa nusu tu. Kwa kibanda cha chipsi haina maana kutafuta hao 400. Ikiwa 60 kati ya 100 wanapita baada ya saa kumi na mbili jioni, kosa la pointi 10 halibadilishi uamuzi wako wa kufunga kwa kuchelewa.

Ila wingi hauponyi uchaguzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi takriban milioni 10 kuuliza nani angeshinda urais, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katikati ya miaka ya dhiki ya kiuchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa na mwelekeo wao. Mpima maoni George Gallup aliwauliza watu wachache zaidi, akiwachagua kwa uangalifu, akapata mshindi.

Nikiweka kura kwenye WhatsApp au fomu ya Google si inatosha?

Ni kosa lile lile la mwaka 1936, ukilitegemea peke yake. Wanaotazama stetasi yako ni walio na namba yako, wenye bando, na wenye muda. Mama anayeuza omena na kutumia simu ya mulika mwizi hayumo, na huenda ndiye anayenunua mafuta kwako kwa lita.

Lakini zitumie kwa kazi zinazozifaa. WhatsApp Business ni ya bure na inakuruhusu kuwawekea wateja lebo: "wa jumla", "wa Jumapili", "aliyekatika". Baada ya miezi miwili lebo hizo ni orodha ya watu wa kupigia. Weka picha mbili kwenye stetasi, gauni moja kwa vitambaa viwili, uone watu wanaulizia bei ya kipi. Anayeulizia bei ana uzito kuliko anayetuma alama ya kopa. Kwenye ukurasa wa Facebook, tazama takwimu za bure zinazoonyesha umri na miji ya wanaokufuata. Kuna wenye maduka ya hapa Kisumu wanaokuta wafuasi wengi wako Nairobi: hao si wateja wa leo, ingawa wanaweza kuwa wanaolipia mzigo unaochukuliwa na mama zao huku nyumbani.

Fomu ya Google ni nzuri pale wewe mwenyewe unapoishika simu na kujaza majibu ya unayezungumza naye. Ukiituma tu kwenye makundi, utajibiwa na marafiki.

Niongee kwa lugha gani?

Ile ambayo mtu huyo hutumia kupatana bei. Soko la Luanda, kwa mfano, linakutanisha Wanyore, Waluo na wafanyabiashara wa mbali, na mtu anayejibu Kiswahili kwa kifupi anaweza kuzungumza robo saa kwa Dholuo au Kinyore. Kama huijui, nenda na mtu anayeijua, na andika maneno aliyotumia mteja kama yalivyo. Ukisikia watu sita wanaeleza bidhaa yako kwa neno moja ambalo wewe hulitumii, liweke kwenye bango lako.

Nitawapata wapi wasionunua kwangu?

Pale wanaposubiri. Mtu anayesubiri ana muda na hana shughuli: stendi ya boda, foleni ya maji, kinyozi, matatu ambayo haijajaa, nje ya kliniki ya watoto. Salimia vizuri, jitambulishe kwa jina na biashara yako, sema itachukua dakika tano, na ukikataliwa ondoka kwa heshima. Vijana wa boda ni hazina ya peke yake, maana wanajua ni duka gani huwatuma kwa mteja na abiria hushukia wapi akiwa na mifuko. Nunua chai, kaa.

Usiwahoji wanaume pekee kwa sababu ndio walio stendi. Kwa bidhaa za jikoni, mwamuzi mara nyingi yuko kisimani au kwenye kikao cha chama Alhamisi alasiri.

Nataka kuhamisha kibanda. Nitajuaje mahali pana watu?

Hesabu. Mfuko wa kulia wa koti uwe na maharage, wa kushoto mtupu. Kila anayepita, hamisha moja. Ukitaka kutenganisha wanawake na wanaume, tumia maharage na mahindi. Mikono inafanya kazi, macho yako barabarani, na hakuna anayekushangaa kama wangekushangaa ukiwa na karatasi. Hesabu dakika 15 kwa kila saa, asubuhi, mchana na jioni, siku ya soko na siku isiyo ya soko, kisha zidisha kwa nne.

Fanya hivyo hivyo mahali ulipo sasa, vinginevyo huna cha kulinganisha nacho. Na tazama mwendo: barabara yenye watu 600 wanaokimbilia matatu ya saa kumi na mbili inaweza kuuza kidogo kuliko uchochoro wa watu 150 wanaorudi nyumbani polepole wakiwaza chakula cha usiku.

Takwimu za serikali zina faida kwa mtu mdogo kama mimi?

Zina, na ni za bure. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, limeweka matokeo ya sensa ya Agosti 2019 kwenye tovuti yake. Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574, Kakamega 1,867,579, Bungoma 1,670,570, na Vihiga 590,013. Namba hizo za kaunti ni kubwa mno kwa duka. Kitabu cha pili cha matokeo hayo hushuka hadi kata ndogo, na cha nne kinaonyesha mambo kama kuni, makaa au gesi wanayopikia watu, na maji wanayatoa wapi. Muuza gesi anayefikiria tawi jipya anaweza kukaa nacho jioni moja kabla ya kulipa kodi ya chumba.

Kumbuka ni picha ya 2019. Mitaa ya pembezoni mwa mji imejengwa sana tangu hapo, kwa hivyo tembea uhakikishe.

Mauzo yangu ya Agosti yameshuka kuliko mwaka jana. Nimepoteza wateja?

Kabla ya kuogopa, angalia kalenda ya mahali ulipo. Bungoma, tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili. Mwaka wa tohara kuna wageni, chakula, nguo na usafiri. Mwaka unaofuata hakuna. Muuzaji anayelinganisha Agosti 2025 na Agosti 2024 atadhani biashara imekufa. Alinganishe 2025 na 2023, na 2024 na 2022.

Kisumu na vijiji vya ufuoni, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane, na pesa ya ufuoni hupungua hadi kwenye saluni na maduka ya nguo ambayo hayauzi samaki hata mmoja. Mazishi ya Ijumaa na Jumamosi huvuta pesa za michango. Kufunguliwa kwa shule Januari hunyausha kila kitu isipokuwa sare na vitabu. Andika matukio haya pembezoni mwa daftari la mauzo, siku hiyo hiyo. Mwakani hutakumbuka.

Najaribuje bidhaa mpya bila kuzamisha mtaji?

Uza kidogo kabla ya kutengeneza kingi. Tuseme unataka kuuza omena waliochambuliwa na kukaangwa, kwenye pakiti. Tengeneza pakiti 20, zipeleke mahali pamoja kwa wiki moja, uandike ziliisha lini na nani alirudi. Wiki ya pili badilisha jambo moja tu, bei au ukubwa au mahali. Ukibadilisha yote matatu hutajua ni lipi lililofanya kazi. Usiweke bei mbili kwa majirani wa mtaa mmoja. Watazungumza, nawe utaonekana tapeli.

Anayekuja pakiti zikiwa zimeisha, mwombe aweke oda na malipo kidogo. Oda zenye pesa ndizo zinazokuruhusu kununua gunia.

Kuna sheria ya kuandika majina na namba za watu?

Ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na kioski. Biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa iwe katika shughuli fulani zilizotajwa, kama za afya au elimu. Wajibu wenyewe unabaki: mwambie mtu unaandika nini na kwa nini, pata ridhaa yake, usitumie namba yake kwa jambo lingine, ifute akikuomba. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

Kwa utafiti mwingi huhitaji jina. "Mama, miaka kama 40, Obunga" linatosha. Na hata namba ikionekana kwenye malipo ya till, haikupi ruhusa ya kumtumia mtu matangazo.

Niwalipe wanaonijibu?

Chai, mandazi, au punguzo dogo baada ya mazungumzo. Ukiitaja zawadi mwanzoni, utapata majibu matamu.

Majibu yakipingana nifuate yapi?

Kwanza angalia kama uliowauliza ni watu wa aina moja. Wanafunzi wa Maseno wakisema mkahawa una kelele nyingi na wengine wakisema umepoa, huenda kundi moja huja mchana na lingine usiku, na wote wana haki. Yakibaki yakipingana, weka kando maneno, rudi kwenye daftari na rekodi za malipo, ufuate upande ambao watu wamekwisha kulipia.

Nirudie mara ngapi?

Daftari la "hatuna" ni la kila siku. Rekodi za till, mara moja kwa mwezi. Mazungumzo, watu watatu au wanne kila mwezi yanatosha, na kila mara mmoja wao awe mtu aliyeacha kununua kwako. Huyo ni mgumu kumpigia simu. Mpigie asubuhi, usimuuzie chochote, muulize tu mara ya mwisho alinunua wapi.